TAHADHARI: Anauza sahihi bandia za James Arness, na sasa anawafuata Waswahili

Ndugu zangu mlioko Minnesota, Texas, Ohio na kokote mnakosoma Kiswahili, someni hili kabla hamjatuma hata dola moja. Kuna mwanamume, Mswahili mwenzetu anayeishi hapa Marekani, anauza vitu vya zamani vya waigizaji wa makauboi wa televisheni: picha zenye sahihi, barua, vikasha vya bati vya chakula cha shule. Mzigo wake mkubwa ni wa James Arness, yule aliyecheza Matt Dillon, mlinda sheria wa mji, kwenye tamthilia ya Gunsmoke. Mimi amenipiga dola 730. Nimezungumza na wengine wawili, mmoja hapahapa na mwingine Texas, wote wamelizwa kwa njia ileile. Wiki hii ameanza kuwatafuta watu walioko Dar na Nairobi kwa mpango mwingine, nitaueleza huko chini.

Jina lake siliandiki kwa sababu kwangu alikuja na jina moja, kwa yule wa Texas na jingine. Mtamtambua kwa mwendo wake. Anaanza na salamu nzuri, anauliza nyumbani ni wapi, anakuita dada au kaka, anasema sisi huku ughaibuni ni ndugu. Mimi nililegea hapo. Kwa muuzaji nisiyemjua ningeuliza maswali kumi. Kwake niliuliza mawili.

Niwaeleze nilivyofika huko, maana najua wengi mtashangaa Mtanzania anahangaika nini na kauboi wa mwaka 1955. Nilimhudumia mzee mmoja kwenye nyumba ya wazee kwa miaka mitatu. Kila siku baada ya chakula cha mchana lazima tumwekee Gunsmoke, na asiyeiweka kwa wakati siku hiyo ana kesi. Mwanzoni niliona ni farasi na vumbi tu. Baadaye nikawa namaliza kazi zangu haraka ili nikae naye. Tamthilia hiyo ilianza kwenye televisheni ya CBS Septemba 1955 na kumalizika Machi 1975, misimu 20, sehemu 635, na muda wote huo Matt Dillon alikuwa mtu yuleyule mmoja. Mzee alikuwa kijana wa miaka 21 ilipoanza. Alisema Jumamosi usiku mtaani kwao hukuti mtu nje.

Na Arness ni mtoto wa Minneapolis, alizaliwa hapa mwaka 1923. Kabla ya Hollywood alikuwa mtangazaji wa redio ya hapa, WLOL. Vitani alipigwa risasi mguuni kule Anzio, Italia, mwaka 1944, na mguu ule ulimsumbua maisha yake yote, hata kupanda farasi ilikuwa shida. Mzee wangu naye ana mguu mbovu. Kila Dillon akishuka kwenye farasi, mzee ananigusa mkono: "Mwangalie anavyoukanyaga." Wazee wa hapa wanamtaja Arness kama sisi tunavyomtaja mtu wa mtaani kwetu aliyefika mbali.

Ujanani mzee aliwahi kuandika barua akatumiwa picha yenye sahihi. Picha hiyo iliharibika maji yalipoingia kwenye chumba cha chini cha nyumba yake. Nilipobadilisha kazi niliendelea kumtembelea, na mwaka huu alipokaribia kutimiza miaka 90 nikasema nitamtafutia nyingine.

Ndipo nikampata kaka huyu. Akanionyesha picha ya Arness ya rangi nyeusi na nyeupe, kofia na nyota kifuani, sahihi imekatiza pembeni. Pamoja nayo barua iliyopigwa taipu, ya Machi 1958, ya kumshukuru shabiki. Pamoja nayo cheti cha uhalisi chenye stika ya dhahabu. Dola 280. Halafu akaniongezea kikasha cha bati cha Gunsmoke, kile kilichotengenezwa na Aladdin ya Nashville mwaka 1959, kwa dola 450. Akasema hiki ni kile chenye kosa.

Hapa nisimame kidogo, maana kosa hilo ni la kweli na ndilo analolitumia. Vikasha vya kwanza vya Gunsmoke vilichapwa neno la cheo cha Dillon na L mbili, MARSHALL, wakati linaandikwa kwa L moja. Kiwanda kikarekebisha. Kwa hiyo vyenye L mbili vinatafutwa sana, na bei yake iko juu ya vile vilivyosahihishwa. Nilikuwa nimeshasoma habari hiyo, kwa hiyo aliponitumia picha ya L mbili moyo ulinidunda. Nikaona nimeokota.

Kuhusu malipo alikuwa na sharti moja: nitume kama zawadi kwa ndugu au rafiki, si kama malipo ya bidhaa, "tusiwape hawa watu makato, dada". Nilipositasita akaniambia kuna Mzungu ameshika pesa mkononi, anamzuia kwa ajili yangu tu mpaka saa mbili usiku. Nikatuma saa moja na nusu.

Mzigo ulifika. Hilo nalo lilinipumbaza, kwa sababu tapeli niliyemzoea mimi ni yule anayekula pesa akapotea. Huyu anatuma kitu, kimefungwa vizuri, na kadi ya kukutakia heri.

Nikampelekea mzee siku ya sherehe yake. Sikuwaambia bado: mzee huyu alifanya kazi ya kusambaza barua posta zaidi ya miaka 30. Alifurahi, akaiangalia picha muda mrefu. Halafu akachukua ile barua, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akanyamaza. Akaniuliza hii ni ya mwaka gani. Nikamwambia 1958. Akaweka kidole juu ya anwani iliyochapwa kichwani mwa karatasi: Los Angeles, CA, na tarakimu tano mbele yake.

Akasema, kwa upole kabisa, mwaka 1958 namba hizo hazikuwepo.

Namba za posta za tarakimu tano zilianza Marekani tarehe 1 Julai 1963. Kabla ya hapo miji mikubwa ilikuwa na namba ndogo za kanda, moja au mbili, zilizokaa baada ya jina la mji. Hata hilo CA la herufi mbili lilikuja mwaka huohuo wa 1963; zamani waliandika Calif. Yeye alikuwa akibeba barua mitaani wakati mabadiliko hayo yanaingia, anakumbuka watu walivyonung'unika. Karatasi iliyoandikwa 1958 haiwezi kuwa na kitu kilichozaliwa miaka mitano baadaye.

Niliporudi nyumbani niliviweka vyote mezani jikoni chini ya taa, na kioo cha kukuzia nilichoazima kwa fundi saa. Picha: nilidhani nitaona rangi ya kijivu inayotiririka laini kama picha za studio zilivyo. Nikaona vidoti. Vidoti vya buluu, vya njano, vyekundu, vimetawanyika mpaka ndani ya jicho la Dillon. Ni printa ya nyumbani. Sahihi yenyewe imeandikwa kwa kalamu nene ya wino usiofutika, na alinihakikishia ilisainiwa pamoja na barua ile. Sharpie, ambayo ndiyo ilizifanya kalamu za namna hiyo zienee kwa watu wa sahihi, iliingia sokoni mwaka 1964.

Kikasha ndicho kilichoniuma zaidi. Nilipitisha ukucha juu ya neno MARSHALL, polepole, herufi moja baada ya nyingine. M, A, R, zote laini, kwa sababu kwenye vikasha hivi rangi imechapwa moja kwa moja kwenye bati. L ya kwanza laini. L ya pili ukucha ukakwama. Imeinuka. Ni rangi ya brashi, na ukiiegemeza kwenye mwanga inang'aa kuliko wenzake. Alichukua kikasha cha kawaida kilichosahihishwa, cha kweli kabisa, akakipaka kosa.

Nilimwandikia bila matusi. Kwanza akasema atanirudishia. Kesho yake akasema nirudishe mzigo kwanza kwa gharama yangu, kwa anwani tofauti na ile ya mwanzo. Nikamtumia picha ya ile L chini ya kioo. Akanifungia.

Sasa sikilizeni mpango wake mpya. Anawaambia watu wa nyumbani, ambao wengi hawajawahi hata kuisikia Gunsmoke, kwamba amepata mzigo mkubwa wa mali ya marehemu mkusanyaji, unaenda mnadani, na kila atakayechangia dola 200 atapata 400 ndani ya wiki sita. Anapokea kwa simu. Picha anazowaonyesha ni hizihizi: ile ya kwangu nimeitambua kwa kona iliyokunjika chini kulia. Dada mmoja aliye Dar alinitumia akiniuliza kama ni biashara nzuri, kwa vile anajua napenda vitu hivi. Mali anayoiita ya mnadani ninayo mimi kabatini.

Vyeti vyake visiwatie imani. Miaka ya 1990 FBI iliendesha uchunguzi ulioitwa Operation Bullpen dhidi ya waghushi wa sahihi za wanamichezo na watu maarufu, na vyeti vya kughushi vilikuwa sehemu ya biashara ileile. Cheti ni karatasi. Ulizeni nani alikitoa, mumtafute wenyewe, si kwa namba ya simu iliyoandikwa kwenye cheti hichohicho. Mkiwa na hamu na kitu, muombeni muuzaji apige picha nyingine akiwa amekilaza karibu na dirisha ili mwanga upite ubavuni, na akiweka pembeni karatasi yenye tarehe ya leo. Huyu wangu nilimwomba hivyo mara moja akasema simu yake imeharibika kamera, na mimi nikakubali. Na jueni pia kwamba zamani hizo makatibu wa studio walikuwa wakiwasainia waigizaji barua za mashabiki, kwa hiyo hata karatasi ya kweli ya miaka hiyo inaweza kuwa na sahihi ya mtu mwingine. Muuzaji mwaminifu atakuambia hilo kabla hujauliza.

Kama umemlipa kwa kadi ya mkopo, usikae. Sheria inakupa siku 60 tangu ulipotumiwa taarifa ya akaunti yenye malipo hayo kupinga kwa maandishi. Mimi nilituma kama zawadi, kwa hiyo mlango huo ulifungwa. Nimepiga simu mara tatu, jibu ni moja. Kilichobaki ni kushtaki. Kwa kuwa alitumia posta, kesi hii inawahusu wakaguzi wa posta wa Marekani, na malalamiko ya utapeli wa mtandaoni yanapokelewa na kitengo cha FBI kinachoitwa IC3. Vyote viwili vinajazwa mtandaoni bila malipo. Asiyejua Kiingereza vizuri aniandikie faragha, nitamsaidia kujaza.

Mzee hakutaka nimwombe radhi. Aliniuliza kama bahasha ninayo. Akanieleza kwamba muhuri wa posta unaonyesha mahali na tarehe barua iliposhughulikiwa, na kwamba watu huuthamini mzigo, wakaitupa bahasha. Yangu ninayo. Kama mtu huyu amewahi kukutumia chochote, usitupe bahasha wala boksi. Nipigie picha muhuri na lebo, nitumie kabla ya Alhamisi usiku. Ijumaa nawasilisha malalamiko, na nataka yawe yetu sote wanne, watano, tutakaokuwa tumepatikana.