Mwongozo wa kijani au wa buluu? Uzoefu wangu na vijitabu vya Reclam

Tuliosoma Kenya tunaijua miongozo. Riwaya ya mtihani unainunua kwa sababu mwalimu kasema uwe nayo, lakini kinachochakaa mikononi ni mwongozo: dhamira, maudhui, wahusika na sifa zao, mbinu za lugha. Basi nilipofika Leipzig, Ujerumani, nikaambiwa semina ya muhula wa kwanza ni Faust, tamthilia ya mwandishi Mjerumani Goethe, sehemu ya kwanza, nilikwenda dukani nikaulizia mwongozo wake. Muuzaji, mama wa makamo, akanijibu kwa swali: "Wa kijani au wa buluu?"

Sikujua kama rangi ina maana. Reclam ni kampuni ya vitabu iliyoanzishwa papa hapa Leipzig mwaka 1828, ingawa siku hizi makao yake yako Ditzingen, karibu na Stuttgart. Novemba 1867 sheria iliziacha huru, yeyote azichape, kazi za waandishi waliokuwa wamefariki miaka 30 nyuma na zaidi. Goethe alikufa 1832, kwa hiyo naye alikuwemo. Reclam hawakulala: walianzisha mfululizo wa vijitabu vya bei ya chee, na namba 1 ikawa hiyo hiyo Faust. Leo rangi ya jalada ndiyo inayokuelekeza rafuni. Manjano ni kazi yenyewe kwa Kijerumani. Rangi ya chungwa ni lugha mbili, ukurasa kwa ukurasa. Buluu ni ufunguo wa kusomea, umeandikiwa wanafunzi wa shule. Kijani unaitwa "Erläuterungen und Dokumente", yaani maelezo na hati.

Nikachukua wa buluu. Mazoea yana tabu.

Sisemi ni kitabu kibaya. Kina muhtasari wa maonyesho, wahusika, na mambo ya kujiandaa na mtihani, nikajiona nimerudi kidato cha nne. Nilikimaliza Jumamosi moja, Jumanne nikaingia semina kifua mbele. Profesa akataka kila mtu achague mstari mmoja uliomkwama kooni. Mimi sikuwa na mstari hata mmoja. Nilijua Faust anataka nini, anavyosema sikujua.

Nikaagiza wa kijani mtandaoni kwa muuzaji wa vitabu vilivyotumika, ambaye simtaji. Picha ilikuwa ya kijani. Bahasha ikaja na wa buluu mwingine, umejaa penseli ya mtoto wa shule aliyeandika pembeni "langweilig", inachosha, karibu kila ukurasa. Kuurudisha kungenigharimu kuliko bei yake, kwa hiyo nikarudi dukani kwa yule mama. Alinitazama, akaenda moja kwa moja kwenye rafu ya kijani. Hakuuliza.

Sasa huu ndio ninaotaka kuusifu. Haukusimulii hadithi. Unafuata matini kwa namba za mistari, neno kwa neno, na usipokuwa na kijitabu cha manjano kando yake hauna kazi. Chukua mistari ya 1224 hadi 1237. Ni usiku, msomi Faust yuko chumbani kwake na mbwa aliyemfuata kutoka matembezini, anafungua Agano Jipya alitafsiri kwa Kijerumani chake akipendacho. Anaandika: hapo mwanzo kulikuwako Neno. Anakwama. Anajaribu Maana. Anajaribu Nguvu. Mwisho anaandika Tendo, na moyo unatulia. Maelezo yanakurudisha kwenye neno la Kigiriki, logos, lenye maana kibao, na kwa Luther, aliyeitafsiri Biblia kwa Kijerumani, ambaye tafsiri yake ndiyo Faust anaanza nayo kisha anaikataa.

Hapo nilifunga kitabu. Nyumbani tunasoma "Hapo mwanzo kulikuwako Neno" na hakuna anayesita. Lakini neno letu si maneno ya mdomoni tu. Mtu wa pwani akikwambia "si neno" anamaanisha haidhuru, si jambo. Akikuuliza "kuna neno?" anataka kujua kama kuna tatizo, kuna habari, kuna kitu kimetokea. Pengine mfasiri wa Biblia yetu alipata kwa neno moja kile Faust alichokitafuta kwa manne. Nilisema hivyo semina iliyofuata, kwa Kijerumani cha kuchechemea, tukakaa kwenye hiyo mistari saa nzima.

Upande wa hati nao usiupuuze. Gretchen, msichana anayemuua mtoto wake akahukumiwa kifo, nilimchukulia kuwa ni wa kubuni tu. Kumbe Januari 1772 mtumishi mmoja, Susanna Margaretha Brandt, alikatwa kichwa Frankfurt kwa kosa hilo hilo, na Goethe alikuwa mji huo huo, wakili wa miaka 22. Nilirudia onyesho la gerezani siku hiyo jioni, na nusu yake niliisoma kwa sauti bila kukusudia.

Kasoro unazo. Herufi ni ndogo, ndani ya tramu usiku unaumiza macho bure. Vifupisho vimejaa: ilinichukua wiki kuzoea kwamba "vgl." ni linganisha na "mhd." ni Kijerumani cha zama za kati. Tena mwandishi anamfikiria msomaji Mjerumani. Mchawi na nyota ataeleza, ila vile vineno vidogo kama "doch" na "wohl" vinavyogeuza maana ya sentensi nzima, hana habari navyo. Kamusi usiiache nyumbani.

Kwa insha ya mwisho wa muhula utahitaji kitu kizito zaidi. Mimi nilitumia mikusanyo ya Cambridge, ile ya Kiingereza ambayo kila sura ina mtaalamu wake, na hiyo kaazime maktaba maana bei yake si mchezo. Ukiwa unasoma wanafalsafa kama Kant au Hegel na uko Nairobi au Kigali, Stanford Encyclopedia of Philosophy ni ya bure mtandaoni na imeandikwa na watu wanaojua. Lakini havitakushika mkono mstari kwa mstari.

Wa kijani naupa nyota nne kati ya tano. Wa buluu nyota mbili, na mmoja nauuza kama kuna anayeutaka. Ule wenye penseli siuzi. Kwenye kurasa za yule mbwa, pale anapogeuka na Mephisto, yule shetani, kutokea, mtoto yule aliacha kuandika "langweilig". Ameandika "endlich!", hatimaye, na kupiga mstari mara mbili.