Magoti yanayosagika: glukosamini au manjano?

Mama anaposhuka ngazi akishika ukuta kwa sababu ya magoti, watoto huanza kutafuta vidonge. Viwili hutajwa sana: glukosamini na manjano.

Glukosamini hutengenezwa zaidi kutokana na magamba ya kamba na kaa, kwa hiyo mwenye mzio wa vyakula hivyo aulize kwanza. Hoja yake inavutia: gegedu linalofunika ncha za mifupa lina kiini hicho hicho. Lakini utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2006 ulifuatilia watu 1,583 wenye maumivu ya goti kwa wiki 24, na kwa jumla miligramu 1,500 kwa siku hazikushinda vidonge vitupu visivyo na dawa. Nafuu ilionekana kwa wenye maumivu ya wastani hadi makali waliochanganya na kondroitini, kirutubisho kingine cha gegedu, nao walikuwa wachache.

Manjano yana kurkumini, inayotuliza uvimbe, ila katika unga wa jikoni ni kama asilimia 3 tu, na mwili huifyonza kwa shida. Pilipili manga husaidia hapo. Tafiti zake ni ndogo, ingawa kadhaa zimeonyesha maumivu kupungua. Manjano ya mchuzini hayana tatizo. Vidonge vyake vimewahi kudhuru ini la baadhi ya watu.

Mimi ningejaribu manjano kwa wiki chache, niache nisipoona tofauti. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiguse chochote kabla ya kumwona daktari. Na fedha ya glukosamini ningeilipia mazoezi ya misuli ya paja, ambayo ushahidi wake ni mzito zaidi.