Kuhamisha mti kwa kreni Nairobi: kung'oa safi, kupanda kubovu

Kazi iliyokaguliwa: mjakaranda wenye shina la kipenyo cha sentimita 30, kutoka kiwanja kinachojengwa fleti Kileleshwa hadi uwani mwa nyumba South C. Kikosi kilileta kreni, lori na vijana sita.

Sifa wanayostahili ni ya kuanza mapema. Nusu ya mizizi waliikata Machi, masika yakianza, nusu nyingine wiki kadhaa baadaye, wakajaza mboji kwenye mtaro waliochimba kuuzunguka mti, na kuuacha mti hadi Oktoba. Mtaro ulipofunguliwa ulikuwa umejaa vimizizi vipya, na hivyo ndivyo vinavyonywa maji. Kikosi kinachochimba Jumatatu na kuhamisha Jumanne usikipe kazi hata kikishusha bei.

Donge la udongo na mizizi linalong'olewa pamoja na mti linatakiwa kuwa na kipenyo mara kumi ya shina, yaani mita 3 hapa. Wao walichonga mita 2.4 ili litoshee kwenye lori. Kwa kina kilekile, hapo mti umepoteza zaidi ya theluthi ya udongo na mizizi yake. Ufungaji ulikuwa mzuri: udongo umelowanishwa siku mbili kabla, gunia la mkonge, kisha seng'enge. Mikanda ya kreni ilipita chini ya donge, wala shina halikubebeshwa mzigo wa tani 5 na zaidi. Ni kweli udongo mwekundu wa Kileleshwa huwasaidia. Ule mweusi wa Embakasi hupasuka wakati wa kiangazi, na donge huporomoka likiwa hewani.

South C ndiko walikoharibu. Walichimba shimo refu kuliko donge, wakatandika mboji chini. Kwenye udongo mweusi kama huo wa South C, shimo la namna hiyo ni beseni: maji yanaingia, hayatoki, mizizi inakosa hewa na kuoza. Mboji nayo ikishaoza inashuka, na mti unazama nayo. Tayari pale shina linapopanuka kuwa mizizi pamefukiwa sentimita 15. Shimo lilipaswa kuwa na upana mara mbili ya donge, sakafu isiyotifuliwa, na kina pungufu ili donge libaki juu ya ardhi kwa sentimita 10 hivi, likizungukwa na udongo uleule uliochimbwa. Seng'enge ya juu nayo ilipaswa kukatwa.

Umwagiliaji kwenye mkataba ni mara tatu tu, na hilo haliwezi kutetewa. Shina la ukubwa huu linahitaji lita 100 hadi 130 kila mara, zimwagwe juu ya donge lenyewe, karibu kila siku kwa miezi miwili ya mwanzo. Kwenye udongo mweusi, ingiza kidole kwanza. Ukikuta tope, ahirisha. Maua ya Oktoba yasikudanganye, maana yanatoka kwa akiba ya shina. Mti utapimwa na jua la Januari na Februari.

Kwa michikichi na migumo ya wastani, ambayo huotesha mizizi upesi, kikosi hiki kinafaa, mradi upandaji usimamiwe na mtu mwingine. Kwa mti mkubwa kama ule mugumo wa Waiyaki Way, uliotaka kuhamishwa mwaka 2020 kupisha barabara ya Nairobi Expressway, uamuzi wa kuuacha ulipo ndio uliokuwa sahihi.

Ukiwaita, andikeni kwamba sehemu ya malipo itabaki mkononi mwako hadi masika yanayofuata, majani mapya yakishatoka.