Jeki ya giaboksi kwa gereji ya nyumbani: ninayoitumia hapa Uyole

Hilux ya mteja wangu mmoja iliingia uani kwangu katikati ya masika ikinuka klachi. Ni gari la viazi, linapakia magunia Isyonje na kushusha sokoni Mwanjelwa, Mbeya, na ile milima haina huruma kwa gari lililojaa. Kazi yenyewe naijua tangu nikiwa VETA: shusha giaboksi, badilisha klachi pleti, presha pleti na bereng'i yake, angalia sili ya nyuma ya injini, rudisha. Klachi ni ya saa chache. Kushusha na kurudisha ndiko kunakoumiza watu.

Huku kwetu giaboksi tumezoea kuipokea kwa kifua. Kijana analala chali chini ya gari, wenzake wawili wanashika mkia na kengele, yaani ule mdomo mpana wa mbele unaofungwa kwenye injini, bolti ya mwisho inatoka, uzito wote unamjia. Fundi aliyenifundisha kazi alifanya hivyo miaka na miaka, mpaka siku ilipomteleza ikamwangukia ubavuni. Alipona, lakini hadi leo hainami kufunga kamba za viatu bila kushika ukuta. Mimi nina kilo 58, na msaidizi wangu ni mtoto wa kaka yangu aliyemaliza kidato cha nne juzi tu. Sikuwa tayari kumlaza pale.

Jeki ya kwanza niliagiza Dar kwa simu. Nilimweleza muuzaji vizuri kabisa kwamba sina lifti ya kuinulia gari wala shimo la kufanyia kazi chini yake, gari nalipandisha kwenye stendi, vile vyuma vya miguu vya kulishikilia juu. Akaniambia itafaa, nikatuma hela, ikapandishwa basi. Kufungua boksi nakuta ile ndefu ya nguzo, ambayo hata ikishushwa hadi mwisho ina sentimita 90. Tumbo la giaboksi ya Hilux kwenye stendi zangu lipo kama sentimita 65 kutoka chini. Haikuingia hata chini ya gari. Nilipiga simu kuirudisha, nikajibiwa mali ikishauzwa hairudi. Jeki ya nguzo ni nzuri sana kwa mwenye lifti, na mwenye shimo anaweza kuisimamisha humo ndani. Mimi shimo sichimbi, maana hapa kuanzia Novemba hadi Aprili lingekuwa kisima.

Ya pili nilikwenda kuichagua mwenyewe, na futi kamba mkononi. Ni ile fupi ya magurudumu manne, ya mafuta, inayobeba nusu tani. Ikilala ina sentimita 20, ikiinuka hadi mwisho 78. Juu ina kiti cha chuma chenye mikono minne inayosogezwa kufuata umbo la giaboksi, mnyororo wa kufungia, na skrubu mbili za kukilaza kiti: moja mbele na nyuma, nyingine kushoto na kulia. Nililipa 520,000, kutoka 600,000 aliyoanza nayo.

Kabla hujalipa, piga hesabu moja ambayo wengi wanaisahau. Jeki ikishapokea giaboksi lazima itoke nayo chini ya chasisi. Kengele ya giaboksi ya Hilux hii nilipima sentimita 38. Ongeza 20 za jeki iliyolala, unapata 58, na mnyororo unataka nafasi ya vidole viwili hivi. Kwa hiyo chasisi yangu lazima ikae juu ya 60. Kama stendi zako hazifiki hapo, tandika mpira wa tairi kuukuu sakafuni, ilaze giaboksi juu yake, toa jeki kwanza, kisha vuta mpira na mzigo wake. Usiongeze matofali chini ya stendi. Tofali hupasuka bila kukuaga.

Pale dukani niliomba waipandishe na tukaiwekea mzigo juu, injini ndogo ya pampu iliyokuwepo. Nikachora alama kwa chaki kwenye mkono wa jeki, nikakaa kwenye benchi robo saa. Alama haikusogea. Nikapitisha kidole kwenye pistoni, kikatoka kikavu. Halafu nikafungua valvu kidogo kidogo nione inavyoshuka. Kuna moja pale pale dukani, bei ndogo zaidi, ambayo ukiigusa valvu inaanguka kama jiwe. Hiyo niliiacha. Kwenye kurudisha giaboksi unahitaji kushuka milimita mbili, siyo sentimita kumi.

Na hapo kwenye kurudisha ndipo hela yangu niliiona. Shafti ya giaboksi ina meno, na meno hayo yaingie katikati ya klachi pleti, halafu ncha ikae ndani ya bereng'i ndogo iliyo nyuma ya injini. Pleti tayari nimeiweka katikati kwa kutumia shafti kuukuu. Tukapandisha, nikasukuma, ikagoma ikiwa imebaki sentimita mbili hivi. Zamani hapo watu hutikisa na kusukumana, au mtu akaanza kuivuta kwa bolti. Usifanye hivyo kamwe: unaweza kupasua sikio la kengele, na giaboksi ikining'inia kwenye pleti inapinda kitovu chake, klachi mpya inaanza kukwama siku ya kwanza.

Nilichukua tochi nikaangalia mwanya kati ya kengele na injini. Juu ulikuwa mpana, chini umebana. Maana yake kengele imeangalia juu kidogo. Nikazungusha ile skrubu ya mbele na nyuma robo. Bado. Robo nyingine. Sasa mwanya ukawa sawa pande zote, kidole changu cha shahada kinapita kila mahali kwa unene uleule. Nikamwambia kijana atie gia na azungushe shafti ya nyuma polepole kwa mkono. Meno yakakutana, giaboksi ikaingia yenyewe na mlio mdogo kama wa mlango mzuri unaofungwa. Bolti nikazianzisha zote kwa vidole. Kijana akaniuliza, "Shangazi, ndiyo basi?" Ndiyo basi. Tulikuwa wawili, na hakuna aliyelala chini ya mzigo.

Kasoro zipo. Mnyororo unaokuja nayo una ndoano nyembamba, nimeacha kuutumia peke yake. Naongeza mkanda wa kufungia mizigo, ule wa rachi. Asubuhi za Juni na Julai, Uyole ikiwa na baridi yake, mafuta yanakuwa mazito na jeki inashuka kwa kusitasita, hivyo naipampu mara kadhaa bila mzigo kwanza. Ikianza kupanda kwa kurukaruka ni hewa: fungua valvu, pampu mara kumi na kitu, funga, jaza mafuta ya jeki. Oili ya breki usitie, hata mtu akuambie ni sawa. Inaharibu sili.

Kasoro kubwa ni magurudumu. Ni madogo, ya chuma, na kwenye udongo yanazama. Mara ya kwanza jeki ilikwama na giaboksi juu yake ikaanza kuegemea upande, tukaishika kwa wakati. Fundi wa kuchomelea alinishauri aweke magurudumu makubwa. Nilipopima, yangenyanyua jeki hadi sentimita 24, na hesabu yangu ya 60 ingekufa hapo hapo. Nikakataa. Badala yake nilinunua mifuko mitano ya saruji, tukamwaga sakafu ya mita 3 kwa 2.5, unene sentimita 10, pale pale gari linapopandishwa. Kabla ya sakafu kukauka nilitumia mbao mbili nene kama reli, zikafaa, ila zinachelewesha.

Tangu hapo imeshashusha giaboksi za Noah mbili na ya Hiace moja. Ile ya nguzo ipo kona ya banda imefunikwa turubai. Mwenye lifti aje aione, aipime, na aniulize chochote kabla hajatoa hela.