Enlaja ya nyumbani: ipi ununue kwanza

Kabla hujauliza bei ya enlaja, yaani mashine ya kukuza negetivu na kuimulika kwenye karatasi ya picha, jiulize unapiga filamu gani. Ikiwa ni ya milimita 35 tu, enlaja ndogo itakutosha. Lakini ukihisi siku moja utashika kamera ya filamu ya 120, ile pana kuliko ya 35, nunua tangu mwanzo mashine inayofika negetivu ya sentimita 6×6. Kubwa husafisha negetivu ndogo vizuri tu. Ndogo haiwezi kubwa.

Chaguo langu la kwanza ni Durst M605 ya Italia, ile ambayo kichwa chake, yaani sehemu ya juu yenye taa, kina vichujio vya rangi ndani, hata kama unasafisha picha nyeusi na nyeupe peke yake. Karatasi za maltigredi hubadilisha kontrasti, yaani tofauti ya weusi na weupe, kufuatana na rangi ya mwanga: zungusha kitufe cha njano, kontrasti inashuka, zungusha cha majenta (wekundu wa zambarau), inapanda. Vichujio vya kununua kando huvihitaji. Tena mwanga wake umetawanywa, kwa hiyo mikwaruzo na vumbi la negetivu havijitokezi sana kwenye picha. Ila taa yake ni halojeni ya volti 12 inayotegemea transfoma. Muuzaji akikwambia transfoma imepotea, usilipe kwanza. Hakikisha utapata nyingine.

Ya pili ni Meopta Opemus 6, iliyotengenezwa Chekoslovakia. Hii ni ya kondensa, lenzi kubwa zinazokusanya mwanga juu ya negetivu: mwanga ni mkali zaidi, kontrasti inapanda, na kila punje ya vumbi itaonekana. Lakini ni chuma kigumu, haina mambo mengi ya kuharibika, na mwenye pesa kidogo ningemwambia aanzie hapa bila wasiwasi.

Leitz Focomat V35 naiweka ya tatu, nayo ni mashine tamu kuliko zote nilizozitaja. Ukipandisha au kushusha kichwa, fokasi inajirekebisha yenyewe. Kinachoirudisha nyuma ni bei, na kwamba haipokei negetivu iliyozidi milimita 35.

Beseler 23C inafika 6×9 na ni imara sana. Ukiwa Marekani, ichukue. Kuisafirisha hadi Dar es Salaam au Mombasa ni habari nyingine: ni nzito, na balbu yake ni ya volti 120, kwa hiyo utahitaji transfoma ya kushusha umeme wetu.

Sasa lenzi, na hapa usibane pesa. Mashine ya kawaida yenye lenzi nzuri hutoa picha bora kuliko mashine ya kifahari yenye lenzi mbovu. EL-Nikkor, Componon-S au Rodagon, yoyote kati ya hizo itakufaa: milimita 50 kwa filamu ya 35, milimita 80 kwa 6×6. Zimulike na tochi kutokea nyuma. Joto na unyevu wa pwani huotesha fangasi ndani ya kioo, kama nyuzi za buibui. Mimi niliwahi kununua lenzi jioni bila kuimulika, nikahangaika wiki nzima nikidhani dawa imechakaa, kumbe kontrasti ya picha ilikuwa inafifishwa na fangasi.

Ukifika na mashine nyumbani, shika kichwa ukitikise. Nguzo ikiyumba, kaza skrubu au ifunge ncha yake ya juu ukutani. Kisha chukua pima maji: ubao wa chini, kishikizo cha negetivu na lenzi vyote vilale sambamba, la sivyo kona moja itakuwa kali na nyingine imefifia.

Fokasi lenzi ikiwa wazi kabisa, halafu punguza tundu la lenzi hadi alama ya f/8. Kata ukanda mwembamba wa karatasi ya picha, uuweke ubaoni, uufunike kwa kadi, washa taa, na usogeze kadi kila baada ya sekunde tano. Usafishe ukanda huo hadi mwisho na uuache ukauke ndipo uchague sekunde za kumulika picha yenyewe, maana karatasi ikikauka picha huzidi kuwa nyeusi kidogo kuliko ilivyoonekana ndani ya maji.