PioSOLVER: mnaocheza na watu wasioblafu, nendeni moja kwa moja kwenye kufunga nodi

Wazee wa poka mnaoniuliza kila siku kama PioSOLVER inafaa kununua, leo naandika yaishe. Ni programu inayohesabu namna bora ya kucheza poka, ipo tangu 2015, ni ya kompyuta ya Windows, na memori inakula kwelikweli, ukiiwekea saizi nyingi za dau kila raundi hiyo laptop ya ofisini itahema. Unaipa flopu (karata tatu za kwanza za mezani), poti (hela iliyoko katikati), na mikono, yaani karata za siri, ambayo kila mmoja anaweza kuwa nayo, alafu inajichezea yenyewe kwa yenyewe mpaka makosa yabaki kidogo sana, mi huiambia isimame ikifika nusu asilimia ya poti.

Ikimaliza inakuletea jedwali la mikono 169, rangi tupu, nyekundu kubeti, kijani kukoli (kulipia dau la mwenzako), bluu kutupa. Sasa hapo ndo watu wanakwama. Wanakariri. Unakuta jamaa anakwambia hapa Pio inakoli asilimia 37, eti anaangalia mshale wa sekunde kwenye saa kama kura ndo aamue! Aisee, mkono ukiwa na rangi mbili maana yake dhidi ya mpinzani aliyekamilika ukikoli au ukitupa malipo ni yaleyale, kuchanganya hakukuingizii hata senti, kunakuficha tu usisomeke. Na pale mezani kwetu nani anakusoma? Nusu yao wanaangalia mpira kwenye simu.

Chukua riva, karata ya tano na ya mwisho, poti dola 100, jamaa anabeti 100, na wewe una peya ya katikati inayoshinda blafu tu, yaani dau la uongo la mtu asiye na kitu. Unatoa 100 kugombea 200, kwa hiyo akiblafu dau moja kati ya matatu hupati hukosi, na Pio itakwambia ukoli kama nusu ya mikono yako yote. Ila yule wetu wa pale mezani mnamjua, habeti riva mpaka awe na kitu. Mpe blafu asilimia 10: kila ukimkoli na hiyo peya unatupa wastani wa dola 70. Mkakati mseto, huo wa kuchanganya koli na kutupa, hapo unamlisha mtu bure.

Ndo maana nasema hela yako inarudi kwenye kufunga nodi, yaani kuiambia programu wewe mwenyewe mpinzani anachezaje hatua fulani. Unaenda kwenye dau lake la riva, unampunguzia blafu wewe mwenyewe, unafunga, programu inahesabu upya na kukupa namna ya kumpiga huyo huyo. Hata turni, karata ya nne, inabadilika, mikono uliyokuwa unatupa unaanza kukoli kwa sababu blafu zake riva zinaishia kucheki, yaani kupita bila kubeti.

Lakini inajibu bila huruma. Akiblafu asilimia 30 unapoteza dola 10 kwa kila koli, akifika 40 unapata 20, kwa hiyo kwenye 30 itakwambia tupa peya zote za aina hiyo na kwenye 40 koli zote, na tofauti ya hizo namba mbili kwa macho huioni, alafu jamaa akishtuka kwamba unatupa kila kitu ataanza kukublafu mpaka ujute. Mi hufunga namba ninayoiamini, alafu najaribu na nyingine inayokaribiana nayo, jibu likigeuka naachana nalo narudi kwenye mseto.

Kama unacheza mtandaoni na wakali, hapo sawa, kariri majedwali. Libratus, programu nyingine ya kucheza poka, iliwapiga mapro wanne kule Pittsburgh mwaka 2017, mikono 120,000, na wala haikuwa inawinda udhaifu wao, usiku ilikuwa inaziba matundu yake yenyewe.

Kasoro: sura yake ni ya mainjinia, na inahesabu watu wawili tu, mkibaki watatu kwenye poti haina msaada. Kuna toleo la bure lenye flopu moja tu, anza nalo uone mashine yako kama inaimudu. Nyota nne.