Gettysburg na mnara wa wapiga mizinga wa Massachusetts: uzoefu wangu

Ukifika Gettysburg, Pennsylvania, uwanja wa mapigano ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani kati ya Kaskazini na Kusini, unakuta minara na mawe ya kumbukumbu zaidi ya 1,300. Mimi naishi Maryland na nilishakwenda mara mbili, nikapita na gari, nikapiga picha, nikarudi nyumbani. Safari hii nilikuwa na mjomba wangu aliyekuja kututembelea kutoka Tabora, mwanajeshi mstaafu, mpiga mizinga. Alisema hana haja ya kuona kila kitu. Anataka kikosi kimoja cha mizinga, akielewe vizuri.

Tukachukua mwongozaji mwenye leseni. Utaratibu wao ni kwamba yeye ndiye anayeshika usukani wa gari lenu, ninyi mnatazama na kuuliza. Hela niliyomlipa siijutii hata kidogo, kwa sababu alitupeleka Wheatfield Road, kwenye mnara wa Kikosi cha 9 cha Mizinga cha Massachusetts, akazima gari na kusema tushuke.

Kikosi hicho cha upande wa Kaskazini kilikuwa na mizinga 6 chini ya Kapteni John Bigelow, na tarehe 2 Julai 1863 ndiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kupigana. Askari wa miguu waliokuwa wakiwakinga waliporudi nyuma, wapiga mizinga wakabaki peke yao. Kugeuza mizinga na kuondoka kungewapa adui migongo. Basi walifunga kamba ndefu kati ya mzinga na kigari chake kinachokokotwa na farasi. Mzinga ukipigwa unarudi nyuma wenyewe kwa nguvu ya baruti, farasi wanavuta kamba iliyolegea, unajazwa, unapigwa tena. Walirudi hivyo kiasi cha mita 400, uso kwa uso na waliokuwa wakiwafuata.

Mjomba alinipa mkoba wake nimshikie. Akautembea umbali ule wote kwa miguu, kila baada ya hatua chache anageuka kutazama alikotoka.

Mwisho wa njia ni shamba la Trostle. Hapo waliamriwa wasimame, wasiondoke hata iweje, mpaka mkubwa wao, Luteni Kanali Freeman McGilvery, apate kupanga mizinga mingine nyuma yao, maana pale safu ya jeshi lao ilikuwa na pengo tupu. Walisimama kwenye kona ya ukuta wa mawe mpaka askari wa Kusini kutoka Mississippi wakaingia katikati ya mizinga. Minne kati ya 6 ikatekwa. Bigelow alipigwa risasi, na mpiga tarumbeta wake, Charles Reed, akakataa kumwacha. Alimpandisha kwenye farasi, akamtoa taratibu katikati ya moto wa pande mbili, kwa kuwa majeruhi yule hakuweza kuhimili mbio. Mwaka 1895 Reed alipewa Nishani ya Heshima, nishani ya juu kabisa ya ushujaa katika jeshi la Marekani.

Jiwe la ukumbusho shambani hapo ndilo lililonigusa kuliko yote. Wamechonga sanduku la risasi, lile linalokaa juu ya kigari, kwa mawe matupu. Mjomba alipitisha kiganja juu ya mfuniko wake kama mtu anayefuta vumbi.

“Mwanangu,” akaniambia, “mzinga bila sanduku hili ni bomba la shaba tu.”

Ng’ambo ya barabara lipo ghala la matofali, na tundu la kombora bado linaonekana ukutani. Mimi nilitamani jiwe lile liseme zaidi kuhusu farasi. Kikosi kilipoteza farasi 80 kati ya 88, na iko picha ya mpigapicha Timothy O’Sullivan, aliyoipiga siku chache baadaye, inayoonyesha mizoga imelala mbele ya nyumba ya Trostle. Ipakue kwenye simu kabla hujatoka nyumbani, kisha simama uilinganishe na nyumba, kwani nyumba ipo mpaka leo.

Kiingilio uwanjani ni bure, makumbusho ndiyo ya kulipia. Vaa suruali ndefu, kwenye majani kuna kupe. Na usianzie shambani kwa Trostle hata kama maegesho yake ni rahisi. Anzia Wheatfield Road, utembee kuelekea kwenye ghala, uwe unageuka nyuma kama alivyofanya mjomba.